Uyoga Si Samaki

Kamina, Shaba
Tarehe 9 Desemba 1975

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa furaha hadi kalamu inanikimbia mkononi. Hujambo? Goti la Baba linasemaje na mvua hizi? Na mdogo wangu Amisa, bado anaimba akiosha vyombo mpaka majirani wanalalamika? Sisi huku tu wazima. Kisimba wangu anakwenda kazini gareni, pale stesheni ya treni, kila asubuhi. Anakusalimu sana, na anauliza lini utatuletea samaki wa moshi.

Barua yangu ya mwisho niliiandika nikilia. Ukanijibu kwamba kitanda changu kimetandikwa, na kama mvua zitakwisha mama mkwe hajala chakula changu, nipande treni nirudi Kindu. Si unakumbuka desturi ya ukoo huu? Mke mpya hawashi moto wake mpaka mama mkwe ale alichopika, ashibe. Na mama mkwe kumfundisha kabla ya hapo ni mwiko, maana atakuwa amekula kazi yake mwenyewe. Basi tangu harusi, mimi na mume wangu tumekuwa tukilishwa kama vifaranga kutoka jiko la mama mkwe wangu, Mama Umba.

Jinsi nilivyoharibu mara ya kwanza unajua. Alinipa uyoga, ule mkubwa unaoota kwenye vichuguu, huku wanauita bowa. Mimi mtoto wa mto nikauloweka usiku kucha kama samaki mkavu, nikauchemsha kwenye jiko lake na kufunika sufuria. Ukatoka kama kandambili! Mama Umba alichovya kidole, akashukuru kwa adabu, akaenda kulisha bata wake. Nilitamani ardhi inimeze.

Kesho yake ikawa balaa zaidi. Mama Umba alisimama kwenye ua wa matete, mbele ya dirisha langu, akaanza kumpigia kelele jirani yetu Mama Bolingo, mke wa mwanajeshi: "Bolingo, bowa haiko samaki! Usiizamishe mu mayi, panguza na kitambaa! Iko na mayi yake, acha itoke mu sufuria, ikauke, njo utie mafuta!" Hiyo "njo" ni "ndiyo" ya huku. Mtaa mzima ulisikia. Nikajua ananicheka. Siku iliyofuata akarudi: bowa ichanwe kwa vidole, isikatwe kwa kisu, sufuria isifunikwe, kitunguu na mawese vifuate maji yakishakauka, kisha karanga zilizotwangwa, chumvi mwishoni. Mama Bolingo anaitikia tu, eh mama, eh mama. Nilikasirika, Mama, lakini kila neno liliniingia.

Jumamosi iliyopita akaniletea kikapu kingine, akasema huenda ndio uyoga wa mwisho msimu huu. Nikaufanya vilevile nilivyosikia, nusu kwa hofu, nusu kwa hasira. Harufu ikatoka, Kisimba akachungulia mlangoni, nikamfukuza. Mama Umba akaketi, akamega bukari, ule ugali wa huku, akala. Akaomba bukari nyingine. Akapangusa sufuria kwa kidole! Halafu akachukua kaa la moto kutoka jiko lake, akaliweka kwenye jiko langu jipya, akasema: "Feza, leo njo moto yako." Nililia, nikacheka, nikalia tena.

Sasa sikiliza nilichogundua. Jioni nilimpelekea Mama Bolingo bakuli, niringe kidogo. Akarudi nyuma, mkono mdomoni. Akaniambia hajawahi kupika uyoga nyumbani kwake, maana akiuonja tu midomo inamvimba. Mama Umba ndiye aliyekuwa akimbembeleza kila asubuhi asimame uani na kuitikia. Mama, alikatazwa kunifundisha mimi. Hakuna aliyemkataza kumfundisha Bolingo.

Sikumwambia mama mkwe kwamba najua. Ila leo asubuhi nilisimama kwenye ua uleule, nikapaza sauti: "Bolingo, mama mukwe yangu mimi namupenda sana!" Jikoni kwa Mama Umba kifuniko kikaanguka, kisha nikamsikia akicheka.

Mpe Baba pole ya goti. Wasalimie wote, na Kisimba anakukumbusha tena samaki, hao nitawaloweka. Kile kitanda, Mama, mpe Amisa.

Mwanao akupendaye,
Feza