Duka Langu Lilikuwa Wazi Siku ya Sabato

Jumapili. Mvua haijaacha tangu mchana, turubai la kibanda linavuja, na nina hasira.

Leo nimegundua kwamba duka langu la mtandaoni linafanya kazi vizuri sana.

Ila halinifanyii kazi mimi. Miezi mitano iliyopita, mimi na mdogo wangu Kemunto tulikaa hapa soko la Daraja Mbili na daftari tukapanga kila kitu. Kila nguo ya mtoto ipigwe picha, ipewe namba, mteja aagize kwa simu, boda ampelekee. Mitumba haina pacha, kwa hivyo nguo ikiuzwa kibandani, Kemunto aiondoe mtandaoni papo hapo. Kompyuta aliisomea yeye. Mimi nazijua nguo. Nilikuwa na sharti moja tu: Ijumaa jua likizama duka lifungwe hadi Jumamosi jioni, maana Sabato huwa nazima simu.

Wateja hawakuja. Kemunto akanipa pole, eti watu wa huku hawanunui nguo bila kuishika. Nilimwamini. Hata nilimhurumia, maskini, kwa kujichosha bure.

Leo akaja mama mmoja kutoka Keumbu na sweta mkononi. "Dada, hii mliniletea jana, inabana mtoto. Nibadilishie tu."

Jana?

Akanionyesha kwenye simu yake. Jina la duka ni langu, hata kibanda kilichoandikwa ni hiki. Picha ya juu ni ya binti yangu. Lakini sweta si yangu, na namba ya kuagiza ni ya Kemunto. "Si nyinyi huuza Sabato peke yake?" akauliza. "Siku zingine mnaandika nguo zimeisha."

Nilikaa chini juu ya marobota.

Nilimwandikia Kemunto. Hakukana. "Sijakuibia hata soksi. Hiyo siku wewe uliitupa, mi nikaokota."

Sawa, siku moja niliitoa mwenyewe. Na zile siku sita zingine, nani alimpa? Tulilala kitanda kimoja na huyu mdogo wangu utoto wetu wote, na bado ameweza kunitazama usoni akanipa pole.

Nywila zote anazo yeye. Kesho nitaenda kwake Ekerenyo kuzidai, na najijua, nitalia kabla sijasema neno.

Mama amepiga simu sasa hivi kuuliza kama duka linaendelea. Nimemwambia linaendelea vizuri.

Sikumwambia ni la nani.