Kizibao Nilichokiacha Msumarini

Somo yangu,

Siku tuliyokuzika sikukivaa kizibao ulichonishonea. Nakwambia hilo mwanzo, kabla hata ya salamu, kwa sababu nakujua: ungekuwa hai ungenitazama kifuani kwanza, halafu usoni. Kilibaki msumarini nyuma ya mlango, kimefuliwa na kukauka, nami nikatoka kwenda kukubeba. Sasa tulia nikusimulie.

Shikamoo. Huku Likoni tu wazima. Uhuru umekuja, bendera mpya zimetundikwa mpaka kwenye feri, na wazee wa barazani waliokuwa wakigombana juu ya Mwambao kujitenga na bara bado wanagombana, ila sasa kwa sauti ya chini kidogo. Mbuzi wako mweusi amezaa. Kazi yangu ya kuwamba vitanda kwa kamba inakwenda vizuri, kila anayeoa kule Bofu ananitafuta. Watu wananiita Fundi Hamadi, na lile jina nililopewa nilipozaliwa hakuna alitajaye tena. Nyumba ni kubwa mno bila wewe, na jioni sijui nizungumze na nani.

Unakumbuka mama aliponileta kwako nifundwe? Nilikuwa nimevunja ungo, na wewe ndiye uliyekuwa somo, kungwi wa nusu ya wasichana wa hapa. Nilikaa mkekani nikakwambia waziwazi kwamba mambo ya kukaa na mume usijisumbue kunifunda, kwa kuwa moyoni mwangu mimi si msichana na sijapata kuwa. Nilidhani utamwita mama, au utamwita mganga. Ulikuwa ukisaga liwa ya kupaka ngozi. Uliendelea kusaga mpaka ikalainika, ndipo ukasema, "Haya. Basi nitakufunda unachokihitaji." Mpaka leo sijui ulimwambia nini mama. Nilichokiona ni kwamba alirudi Vanga peke yake, na mimi nikabaki kwako nijifunze kazi kwa mafundi wa vitanda.

Wakati huo nilikuwa nimeshaanza kujifunda mwenyewe, tena vibaya. Mwambaji huilowesha kamba kabla ya kuivuta, ili ikikauka ikaze, na mimi nikaona kifua nacho kitanyooka kwa njia hiyo hiyo. Nilichukua utepe wa kitambaa kipya cha marekani, nikaulowesha, nikafunga ncha moja kwenye nguzo ya ua na kujizungusha mpaka ukaisha. Nikaenda kazini kifua mbele, najiona mwerevu kuliko mafundi wote. Jua lilipopanda utepe ukakauka, ukakaza, na mimi nikaangukia chini ya kitanda cha harusi ya watu, midomo imebadilika rangi. Walinileta nyumbani, ukaukata ule utepe kwa mkasi wako. "Kifua si kitanda, mwanangu," ulisema huku ukinipepea. "Hapana mtu atakayekilalia." Nilicheka kabla pumzi haijanirudia sawasawa, na mbavu ziliniuma mpaka mwezi ukaandama.

Ndipo ukanishonea kizibao. Marekani ile ile, lakini wewe uliifua na kuifua mpaka wanga wote ukatoka na ikaacha kunywea. Ulikikata kipana, toka kwapani mpaka chini ya mbavu, kikilaza kifua bila kukikaba. Vifungo ukaviweka mbele, ili nikizidiwa nivifungue mwenyewe kwa mkono mmoja, nisingoje kuitiwa mtu.

Na kila asubuhi ulinisimamisha mlangoni. Uliingiza vidole viwili chini ya nguo uone kama vinapita. "Vuta pumzi mpaka tumboni." Nikavuta. "Sasa cheka." Hapo ndipo uliponiweza. Nani anayecheka kwa amri, tena kabla ya chai? Nilikutazama ulivyonikazia macho kama askari wa bandarini, na kicheko kikaja chenyewe. Kikikwama, ulilegeza kifungo. Nikirudi kutoka kazini, kizibao kilivuliwa kabla sijakaa. Kulala nacho ulisema ni haramu, ukijifanya sheikh. Vipele vya jasho vilitaka liwa na siku ya kupumzika, na mikono ikifa ganzi nivue papo hapo, hata niwe nyumbani kwa mtu. Ila kwa kikohozi hukuwa na mzaha hata kidogo. Kifua kinachokohoa hakifungwi. Siku niliyobisha ulikishika kizibao ukakitikisa mbele ya uso wangu: "Mwanamume ni wewe, si kitambaa hiki."

Ulikuwa pia na ombi lako moja. "Siku yangu ikifika, usikae ukumbini kulia na wanawake. Nenda na wenzako, unibebe." Nilikuahidi, kwa sababu wanawake hubaki nyumbani na wanaume ndio waendao makaburini, na wewe ulitaka mtaa mzima uone niko upande gani.

Halafu, Somo, ukanifia wiki ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimelala na kikohozi. Hukunichagulia siku, wallahi. Jana yake ulinichemshia tangawizi, asubuhi hukuamka.

Wanawake walipoingia kukuosha nilijifungia chumbani nikakitoa kizibao msumarini. Nje walikuwepo jamaa zako wa Kisauni ambao hawanijui. Mmoja wao akisema neno nitarudishwa ukumbini, na ahadi yangu itaishia hapo mlangoni. Nikafunga vifungo vyote. Kikohozi kikaja, kikafika katikati, kikakwama, na chumba kikaniingia giza. Nikaingiza vidole viwili. Vilipita. Nikavuta pumzi. Haikufika. Kilichobaki ni kucheka, nikajaribu, nawe umelazwa chumba cha pili. Ilitoka sauti mbaya, nikalia. Nililia mpaka nikakaa chini.

Nikavifungua vifungo kimoja kimoja, kwa mkono mmoja, kama ulivyonifundisha. Nikakitundika kizibao, nikavaa kanzu tu, nikatoka.

Wanaume walikuwa wameshalizunguka jeneza. Jamaa yako mmoja wa Kisauni, yule mrefu, alinitazama kifuani, akatazama tena, na nikaona mdomo wake unafunguka. Mzee Omari muadhini, yule uliyekuwa ukisema ana maneno kushinda redio, alimtangulia. "Fundi," alisema, "shika mbele." Basi, hakuongeza kitu. Yule mrefu akaufunga mdomo wake, akasogea kunipa nafasi.

Nikashika mbele. Tuliteremka na njia ya mchanga, wengine wakipokezana, mimi bega langu sikulitoa. Nilikohoa njia nzima, na kila kikohozi kilitoka chote, na nyuma yake ikaingia pumzi nzima. Watu walipoitikia la ilaha illallah, sauti yangu ilikuwa juu pamoja na zao. Ningekuwa nimejifunga, nisingefika hata kwenye kona ya kisima. Ningekuangusha, Somo, mbele ya watu wa Kisauni, na wewe ungekasirika mpaka kaburini.

Kikohozi kimepona. Kizibao kimechakaa kwapani, kwa hiyo nimejifunza kushona, nakata kingine kwa kufuata chako. Mshono wangu umepinda, usinicheke. Marekani nimeshaifua, na bado naifua. Asubuhi nasimama mlangoni, naingiza vidole vyangu mwenyewe, navuta pumzi mpaka tumboni. Kisha nayakumbuka macho yako ya askari, na kicheko kinakuja bila kuitwa. Jirani anadhani nimeanza kupotewa na akili kwa msiba.

Mzee Omari hajanitajia siku ile hata mara moja, na Ijumaa ananiwekea nafasi ubavuni pake. Yule jamaa mrefu ameleta kitanda chake nikiwambe. Nimekikaza vizuri sana.

Lala salama, Somo yangu. Mola akupanulie kaburi lako kama ulivyonipanulia mimi pumzi. Nakuahidi kwamba sitajifunga tena kwa kuogopa watu. Nitakivaa kizibao kwa vipimo vyako, kwa sababu nakipenda na kinanikaa vyema. Na asubuhi yoyote ambayo kicheko kitakataa kutoka, kizibao kitabaki msumarini, na mimi nitatoka vile vile.

Mwari wako wa kiume,
Hamadi