Sauti Ndani ya Gemu

Dada yangu mpenzi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile goti limeacha kukusumbua. Sisi huku hatujambo, ikiwa kuamka, kula na kulala ndiyo heri. Mama anakusalimu sana.

Tangu tumzike Kidole, mdogo wetu, chumba chake hatukukigusa. Juma lililopita nikawasha kompyuta yake, si kwa uchungu wala kwa hamu. Ile ya kibandani kwangu ninakotengeneza simu imekufa, nikahitaji nyingine. Ndipo nikaikuta gemu yake. Unaikumbuka: aliwakusanya mashujaa wa gemu za utotoni kwetu, mrukaji, mpiga ngumi, rubani wa chombo cha anga, watu ambao hawajapata kuonana, akawaweka pamoja waokoe mji mmoja. Kumbe watu wasiotujua wanaicheza. Walimwandikia wakiuliza hatua ya mwisho itatoka lini, na mbona amekaa kimya.

Katikati ya ujumbe huo palikuwa na onyo la kampuni inayommiliki yule mrukaji: gemu iondolewe mtandaoni, la sivyo tuonane mahakamani. Nililisoma kama ninavyosoma tangazo la kukatika kwa umeme.

Nikamweleza Mama. Yeye aliyekuwa akilalamika kwamba gemu zimemla mtoto macho, akaomba aione. Nikamwonyesha kitufe cha kuruka. Akabonyeza, mrukaji akaguna, “Hopa!” Akabonyeza tena, na tena, kisha akasema, “Huyu ni mwanangu.” Nilipomuuliza tufanyeje na lile onyo, akajibu bila kugeuka, “Wenye mtu wao wapewe mtu wao. Sauti ni yangu.”

Nikaiondoa gemu mtandaoni, nikawaandikia wachezaji kwamba mwenyewe amefariki. Nakala moja nikamwachia Mama. Sasa kila alasiri anaketi sebuleni na miwani yake. Haokoi mji wala hapigani na mtu. Anamsimamisha mrukaji pale pale, anamrusha. Analia kidogo, anafuta macho, halafu anakula vizuri. Jirani anasema amenawiri.

Dada, ninalotaka kukwambia ni hili: sauti ile si ya Kidole. Alipokuwa akitia sauti kwenye gemu, kifua kilikuwa kimeshambana, hata kicheko kilimmaliza pumzi. Akanisogezea maikrofoni, akasema, “Guna wewe, kaka, nani atajua?” Nawe mwenyewe ulikuwa ukituchanganya sauti kwenye simu. Nasimama mlangoni namtazama Mama akimlilia mwanawe kwa sauti yangu, na moyoni sisikii kitu, kama mkono uliolaliwa.

Sijamwambia. Nimeacha hata kukohoa karibu naye. Jana aliniuliza mbona siku hizi nimekuwa bubu humu ndani. Nikatikisa kichwa tu, nikamwongezea sauti ya kompyuta.

Nisalimie shemeji na watoto. Ukipiga simu, zungumza na Mama, mimi niandikie.

Nduguyo akupendaye,
Fundi