Vijumba vya Zege Kando ya Maas

Asselbroek, 2 Mei 1994

Dada yangu Drika,

Habari za huko Kanada? Shemeji Wout anaendeleaje na nyonga yake? Sisi huku hatujambo. Nasema sisi kwa mazoea tu, maana tangu Paula afariki Novemba nimebaki mimi na paka. Mafuriko ya Krismasi yaliingia mpaka kwenye droo ya vijiko. Kuta bado zinanuka mto.

Daktari aliniambia, "Toka nje, Nelis, utaoza humo." Basi nimetoka. Siku isiyo na mvua napanda baiskeli, naufuata mto Maas, natafuta vile vijumba vya zege vya wanajeshi wetu wa mwaka arobaini. Unavikumbuka? Vingi vingalipo. Kimoja mkulima anawekea viazi, kingine ng'ombe wanajikunia mgongo. Naegemeza baiskeli, nawasha tochi, naingia kwa magoti. Mpaka leo ni kumi na tisa. Ndani kuna chupa, popo na harufu ya mikojo. Lakini ukichungulia kwenye tundu la bunduki unauona mto kama alivyouona kaka Lambert asubuhi ile ya tarehe kumi Mei, Wajerumani wakivuka.

Nina sababu. Mwakani kijiji kinasimamisha jiwe lenye majina ya vijana wetu waliokufa vitani. Jina la Lambert halimo. Mama Heijnen wa kamati ya jiwe kaniambia bila kuuma maneno: "Mwili hakuna, shahidi hakuna, na watu wanasema alitoroka. Niletee kitu chochote, nitamwandika."

Mimi nilikuwa na miaka tisa, nimejificha na mama chini ya kanisa. Wewe ulikuwa na kumi na tano, na wewe ndiye uliyekuwa ukimpelekea nguo safi kambini. Alikuwa kijumba namba ngapi? Hata kama unakumbuka mti tu uliokuwa karibu, niandikie.

Mdogo wako,
Nelis


Red Deer, 11 Juni 1994

Mdogo wangu Nelis,

Barua yako imefika, nami nakupa pole tena ya wifi Paula. Natumaini unakula chakula cha moto, si mkate na jibini kila siku. Wout anatembea na fimbo na kulalamika, kwa hiyo ni mzima.

Namba siikumbuki. Nilikuwa msichana, macho yangu yalikuwa kwa askari, si kwa namba za ukutani. Na wewe una miaka sitini na mitatu, unatambaa kwenye mashimo kama sungura. Zege likikuangukia nani atajua uko wapi? Hiyo baiskeli ipeleke mjini, ukanywe kahawa na watu walio hai.

Jina kwenye jiwe halimrudishi mtu. Muache Lambert alale.

Dada yako,
Drika


Asselbroek, 28 Agosti 1994

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi, na shemeji mpe pole ya ile fimbo. Mimi mzima, ila magoti yameisha ngozi. Kaa chini kwanza ndipo usome.

Nimekipata! Ni cha ishirini na saba, nyuma ya kiwanda cha zamani cha vigae, kimefunikwa na miiba hadi paani. Nilikata njia kwa kisu cha jikoni. Ukutani, chini ya tundu la bunduki, mtu kachora kwa msumari: S. WOLTERS, na chini yake L. GEURTS. Drika, niliweka kidole kwenye ile herufi L, nikakaa sakafuni na kulia kama mtoto.

Huyo Wolters nilimtafuta kwenye kitabu cha simu. Sjaak Wolters yu hai, yuko nyumba ya wazee Roermond. Niliendesha kilomita ishirini na mbili, mvua ikinipiga usoni. Nikamkuta dirishani na blanketi mapajani.

"Geurts?" akasema. "Wewe ni nani wake?"

"Mdogo wake."

Akavuta blanketi hadi kifuani. "Ilipofika saa nne risasi zilikuwa zimebaki mkanda mmoja. Lambert akasema, nakwenda kuzifuata nyingine. Akatoka kwa mlango wa nyuma akikimbia. Hakurudi."

"Kwa hiyo hakutoroka?"

"Kaka yako? Yule alikuwa mwanaume kuliko sisi sote."

Nimempelekea Mama Heijnen maneno hayo, Wolters ameyatia sahihi. Jina litaandikwa! Sasa kila asubuhi nakwenda na jembe, nachimba kidogokidogo kati ya kijumba na mahali palipokuwa na ghala la risasi. Lazima aliangukia humo njiani.

Jiwe litafunuliwa tarehe kumi Mei. Nataka wewe ndiye uvute kitambaa. Nitakutafutia baiskeli nzuri ya kike, twende pamoja nikuonyeshe jina lake.

Mdogo wako mwenye furaha,
Nelis


Asselbroek, 27 Novemba 1994

Dada Drika,

U mzima? Shemeji je? Miezi mitatu kimya. Nilipiga simu mara mbili, Wout akasema umelala, na kwenu ilikuwa saa sita mchana.

Nimechimba hatua mia mbili, sijaona hata kifungo. Wiki jana mwenye shamba alinikuta nimelala kifudifudi mtaroni, nimeteleza, nakohoa. "Mzee Geurts," akasema, "ukitaka kaburi, kanisani wanakuchimbia bure." Nilicheka ili anisaidie kusimama. Lakini nitaendelea. Nimuache wapi, Drika?

Kama nimekuudhi, nambie.

Mdogo wako,
Nelis


Red Deer, 15 Januari 1995

Mdogo wangu,

Natumaini kikohozi kimepungua. Wout hajambo. Mimi si mgonjwa, wala hukuniudhi. Nimeianza barua hii mara nyingi na kuichoma.

Acha kuchimba. Hayupo huko.

Lambert alikuja nyumbani asubuhi ile. Mama na wewe mlikuwa chini ya kanisa. Baba alikuwa zizini, ng'ombe walikuwa hawajakamuliwa. Mimi nilikuwa jikoni nafunga mikate niwaletee. Akaingia bila bunduki, kofia hana, meno yanagongana. "Drika, nipe nguo za kazi za baba," akasema. "Wolters kaniambia nikimbie, naye anakuja nyuma yangu. Baba asijue."

Muda mfupi kabla ya hapo mke wa mwokaji alikuwa amepita akipiga kelele kwamba Wajerumani wanachoma kila nyumba watakamomkuta askari. Nikapanda juu kuchukua zile nguo. Nilizishika mkononi, Nelis. Halafu badala ya kurudi jikoni nikapita mlango wa mbele, nikaenda zizini nikamwambia baba. Niliiogopea nyumba.

Baba akaja nami jikoni, hakumpiga. Alimuuliza tu, "Wenzako wako wapi?"

"Baba, kule tunachinjwa."

"Wenzako wako kule, wewe unajificha kwenye sketi ya dada yako. Rudi ulikowekwa."

Lambert akanitazama. Aliona nguo ziko mikononi mwangu. Akapita bustanini, akateremka kwenye malisho ya akina Thijssen, kuelekea kwenye ile mistari ya miti ya mipopla. Nikasikia milio mitatu ya bunduki.

Kesho yake alfajiri baba alitoka na sepeto. Aliporudi aliniambia, "Mama yako asisikie hili kamwe." Hakulitaja tena mpaka anakufa, nami sikulitaja.

Yuko kwenye mipopla, upande wa mtaro. Kama unataka kuchimba, chimba hapo. Nilidhani nikija Kanada nitakuwa mbali na jambo hili. Nimelibeba hadi huku. Jina usilifute kwa ajili yangu mimi. Mwaka ule alikuwa ametimiza ishirini tu, aliogopa, na alikuja kwetu.

Nisamehe ukiweza. Nijibu hata kama huwezi.

Dada yako,
Drika


Asselbroek, 19 Machi 1995

Drika,

Barua yako ilifika siku tatu kabla hatujahamishwa. Mto ulifurika tena. Niliisoma mara ya pili kwenye ukumbi wa shule, juu ya godoro la jeshi, watu mia mbili wakiwa wamenizunguka. Nimerudi nyumbani. Maji safari hii yalifika kwenye saa ya ukutani.

Njia ilipokauka nilikwenda kwa Wolters. Nikamwambia, "Ulinidanganya." Akasema, "Ulitaka nikuambie nini? Ulikuja umelowa chapachapa, kofia umeishika mkononi kama mtu aliyekuja kuomba kazi. Mimi ndiye niliyemwambia akimbie, halafu miguu yangu ikagoma. Nilikamatwa nimekaa." Akageukia dirishani. Nikaondoka.

Kisha nikapanda baiskeli nikaenda kwenye mipopla.

Hakuna mipopla. Wewe uliondoka mwaka hamsini na mbili, huwezi kujua. Malisho ya Thijssen yote yaliuzwa kwa wachimba kokoto mwaka sabini na moja. Walichimba mchana na jioni kwa miaka minane, udongo wakautupa, kokoto zikaenda kujengea barabara na maghorofa. Sasa ni ziwa. Kina chake ni mita ishirini. Kuna kilabu cha boti na kibanda cha kuuza chipsi. Nilisimama na jembe begani, mama mmoja mwenye mtoto akaniuliza kama nimepotea.

Ungelisema hata mwaka sitini na tisa, kabla hawajachimba, ningelimchimba kwa mikono.

Jumanne nilikwenda kwa Mama Heijnen nikamwambia alifute jina. Alishtuka. "Lakini Nelis, karatasi tunayo, ina sahihi!" Nikamwambia karatasi ni ya uongo, na ule ukweli siwezi kumpa. Angeweza kuliacha. Mimi ndiye nisiyeweza kusimama pale na kusikia likisomwa, kila mtu akiniangalia mimi kwa heshima.

Kwenye jiwe yatakuwa majina manane. Usije Mei.

Umeniomba msamaha. Nimelifikiria hilo njia nzima, na linalonikwama si zile nguo. Ulikuwa na miaka kumi na tano, nchi inawaka, hilo nalielewa. Lakini mama aliacha mlango wa nyuma bila komeo hadi mwaka sitini na sita, siku tuliyomtoa humo kwenye jeneza. Kila mlango ukilia kwa upepo alikuwa anasimama, akidhani ni Lambert. Nawe ulikuwa unamwandikia kila Krismasi, ukimuuliza kuku wanatagaje.

Nelis Geurts