Siku Uliyotutembeza Kama Wageni

Kwako Papa, uliyelala kwenye kilima chetu,

Ni majuma matatu tangu tukuzike, na bado sijaweza kulia mbele ya watu. Nikianza tu, wananishika mabega na kuniambia nilikuwa binti mwema, nilisoma, nilikuletea heshima. Nimeona bora nikae peke yangu, nikuandikie siku ile yote jinsi ilivyokuwa, pamoja na yale ambayo wewe hukuyajua.

Haikuanzia kule kwenye ferme, kwenye shamba lile la ng'ombe, Papa. Ilianzia Goma, mwaka wangu wa pili wa masomo ya uuguzi, nilipofahamiana na Kambale. Yeye ni mtoto wa wafanyabiashara wa Butembo. Ndugu zake wana maduka Mubi na malori kwenye barabara ya Walikale. Siku moja aliniuliza baba yangu anafanya kazi gani. Hakuuliza kwa kunipima, aliuliza tu kama watu wanavyoulizana. Ningeweza kumwambia kwamba Papa anabeba maziwa. Kila asubuhi anakusanya maziwa ya majirani, anajitwika bidoni, dumu la maziwa, mgongoni, anateremka bonde na kupanda kilima mpaka kwa watu wanaotengeneza jibini, na mgongo huo ndio ulionifikisha darasani. Nikamwambia wewe ni mwalimu. Neno lilitoka haraka kuliko nilivyofikiri, na baada ya hapo sikupata njia ya kulirudisha. Kusema kweli, sikuitafuta.

Mwaka uliofuata Kambale alitoka Walikale amekonda. Lori lao lilikuwa limezama matopeni karibu na Itebero, naye akakaa nalo wiki nyingi, akilala chini ya turubai. Akasema anataka siku mbili tu za kupumzika, hapa karibu, mahali penye baridi na majani, asisikie injini. Mtu alikuwa amemwelekeza kwenye ferme moja ya Masisi yenye nyumba ya mbao na vyumba vya wageni. Barabara ilikuwa imetulia siku hizo. Tulikwenda watatu: yeye, dada yake Kavira, na mimi. Jina la kilima alilitaja tukiwa tumeshapita Sake. Kutoka ferme ile mpaka nyumbani kwetu ni saa moja na nusu kwa miguu.

Nilijituliza kwa hesabu yangu: wewe ulikuwa unapeleka maziwa kwenye ferme nyingine, ng'ambo ya mto, kwa hiyo hatungekutana. Sikujua kwamba mvua ilikuwa imebeba daraja, na kwamba tangu hapo wewe na wenzako mlikuwa mnapeleka maziwa kwa Mama Riziki, mwenye ferme tuliyokuwa tunakwenda. Ningejua kama ningekuja nyumbani kwenye likizo mbili zilizopita. Nilikuwa nimewaambia niko stage, mafunzo ya kazi, hospitalini.

Papa, mahali pale palikuwa pazuri, na mimi nilifurahi. Hili pia nakuungamia. Kambale alivua viatu, akalala chali kwenye majani, ng'ombe wakipita karibu naye kama hayupo. Kavira alikunywa maziwa mpaka akapata masharubu meupe. Tulikaa barazani na viazi vya moto na jibini, na ng'ambo ya bonde nikaona moshi unapanda kutoka kilima chetu. Ilikuwa saa ambayo Mama huwasha moto. Niliuangalia ule moshi, nikachukua kiazi kingine.

Asubuhi ukungu ulikuwa bado umelala bondeni wabebaji wa maziwa walipofika. Mlikuwa saba au wanane. Wewe ulikuwa wa tatu. Nilikutambua kwa mwendo kabla ya kuona uso, ule mguu wako wa kulia unaokanyaga nje kidogo. Ulitua bidoni, ukainuka, ukaniona. Uso wako ulifunguka wote. Ulipiga hatua moja kuja kwangu, na mdomo ulikuwa umeshaanza jina langu.

Mimi nikageuza shingo, nikamwangalia Kambale.

Ndivyo tu. Sikukukana kwa maneno. Niligeuza shingo, na wewe ulielewa papo hapo, kana kwamba tulikuwa tumepanga. Uliinama ukachukua tena bidoni yako, ukaenda kuipima kwenye mizani ya Mama Riziki pamoja na wenzako, kisha mkazunguka nyuma ya nyumba mahali mnapooshea vyombo.

Kambale alitaka kwenda kuona maporomoko ya maji, akamwomba Mama Riziki mtu wa kutuongoza. Ulirudi kutoka nyuma ya nyumba ukipangusa mikono kwenye suruali, ukasema wewe utatupeleka. Ulituamkia wote watatu sawasawa. Kwangu ulisema, "Bonjour, Mademoiselle," kama kwa binti usiyemjua, na ukatazama chini.

Nilikukasirikia, Papa. Hilo hukulijua. Nilipokuwa natembea nyuma yako nilikuwa nasema moyoni, kwa nini hakuenda zake nyumbani, kwa nini anataka kuniaibisha. Kambale alikuwa amekupa mfuko wake mzito, wenye viatu na maji na chakula chetu, nawe ulikuwa umeuvaa mgongoni, mahali penyewe ambapo bidoni zimeacha alama. Nilijua alama hizo. Nilipokuwa mdogo nilizipaka mafuta.

Njiani Kambale alikuuliza mambo mengi, maana ndivyo alivyo, hawezi kutembea na mtu akanyamaza. Aliuliza ng'ombe wanapata ugonjwa gani, jibini inakaa siku ngapi. Ulimjibu vizuri, na kila tulipofika kwenye mteremko ulisimama kumngoja Kavira. Halafu akakuuliza kama una watoto.

"Niko nao ine," ulimwambia. "Wa kwanza iko musichana. Anasoma Goma."

"Anakuyaka nyumbani kuwaona?"

Uliuweka mfuko sawa mgongoni, ukajibu, "Masomo yake iko nguvu. Akimaliza, atakuya."

Kambale akakusifu kwa kusomesha msichana. Ukasema Mungu amesaidia. Mimi nilikuwa nafunga kamba ya kiatu ambacho hakikuwa kimefunguka.

Kwenye kijito cha mwisho mawe yalikuwa na utelezi. Ulimvusha Kavira, ukanirudia mimi. Kambale alikuwa ameshatangulia mbele, kelele ya maji ilikuwa kubwa. Ulinishika mkono juu ya kiwiko, vile ulivyonishika kila asubuhi nilipokuwa naenda shule, ukaniambia kwa Kihunde, lugha yetu ya nyumbani, bila kuniangalia, kwamba Mama amepona mkono wake, sasa anaweza kulima, nisihangaike. Mimi hata sikujua kwamba mkono wa Mama ulikuwa umeumia. Tulifika ng'ambo, ukaniachilia.

Tulikula karibu na maporomoko. Ulikaa mbali, juu ya jiwe, lakini Kambale alikuita ukae nasi, akakuomba ukate jibini kwa kisu chako. Ulikata kama unavyokatia watoto nyumbani, na kipande kikubwa ukakiweka upande wangu. Halafu ukakumbuka. Nilikuona ukikumbuka. Ukakichukua tena, ukampa Kavira.

Jioni tulipoagana Kambale alikukunjia kitu mkononi kama asante. Ulikipokea kwa mikono miwili. Kwangu ulisema, "Safari muzuri, Mademoiselle," nami nikajibu, "Asante, Papa." Kwetu kila mwanaume mzima ni Papa, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Siku nzima sikukuita mara nyingine, na nilikuita hivyo kwa sababu nilijua hakuna atakayesikia kwamba wewe ni baba yangu.

Baada ya siku ile ningeweza kusema ukweli, na kila mwezi uliopita uliufanya mgumu zaidi. Ilipofika wakati wa mahari, niliomba itolewe Kashebere kwa mdogo wako, nikasema nyumba yake iko barabarani na wageni hawatachoka. Nilikutumia ujumbe kupitia kwa Mama kwamba kama mguu unakusumbua, usijilazimishe kusafiri. Mguu haukuwa unakusumbua. Ulijibu kwamba kweli, siku hizi unauma, baba mdogo atasimama mahali pako. Mama alikuja, akaimba na wamama wenzake, na hakuniangalia machoni hata mara moja.

Kambale aliomba mara nyingi kuja kukusalimia. Ilikuwa haimkai vizuri kuoa bila kumwona baba mkwe. Mimi nilikuwa na jibu kila mara: mvua, njia, usalama, kazi ya hospitali. Nilisema mwezi ujao. Ndipo Mama akapiga simu kwamba umeanguka shambani asubuhi na hukuinuka.

Tulifika matanga yakiwa yamejaa. Kambale alivua kofia, akaingia mahali ulipolazwa, akainama juu yako kutoa heshima. Alikaa ameinama kwa muda mrefu. Alipogeuka kunitazama, sura yake ilikuwa imebadilika rangi. Hakupaza sauti. Alisema, "Huyu njo papa alitutembeza."

Nikasema ndiyo.

"Nilimubebesha mufuko yangu," akasema. "Baba mukwe wangu. Nilimupatia mufuko yangu abebe."

Hakuniambia neno lingine siku hiyo, wala usiku, wala wakati wa kukuzika. Alichukua koleo kwa vijana, akajaza udongo mpaka watu wakamwomba apumzike, akakataa. Afadhali angenitukana.

Baada ya maziko nilimwendea Mama jikoni nikapiga magoti. Nilimwambia kila kitu, kumbe alikuwa anajua tangu siku ile. Alisema ulirudi nyumbani umelowa, ukakaa pale pale karibu na moto, ukamsimulia siku nzima. Ulimwambia kwamba mimi nimenona kidogo, na kwamba umemwona kijana niliye naye. Ulisema ni mtu mzuri, anawauliza watu habari za watoto wao, na amekuita ule naye. Mama alikuwa amekasirika, akataka kushuka ferme usiku ule ule anivute sikio. Wewe ulimzuia. Ulimwambia, "Acha. Nimetembea naye siku muzima."

Mama aliyasema hayo huku anamenya viazi, bila kunifariji wala kunilaumu. Alipomaliza alinipa kisu na mimi nikamenya vilivyobaki.

Kesho yake asubuhi majirani walileta maziwa kama kawaida, maana ng'ombe hawajui matanga. Bidoni zako zilikuwa ukutani. Vijana wa nyumbani walikuwa wameenda kurudisha viti vya watu. Kambale alitoka nje, akaniomba nimwonyeshe jinsi ya kuzifunga mgongoni. Ndilo neno la kwanza aliloniambia tangu juzi yake. Nilimfunga kamba, nikatembea nyuma yake njia yote. Alianguka mara moja kwenye mteremko, akapoteza maziwa kidogo, akainuka. Sikumsaidia kwa sababu alikuwa amenyoosha mkono kunikataza. Tulipofika ferme shati lake lilikuwa na damu begani, na wenzako walishafika wote.

Mama Riziki alitoka akatuangalia. Kambale akamwambia yeye ni mkwe wako, ameleta maziwa ya kwenu. Halafu akanigeukia, akiniachia mimi nafasi. Nikasema, mbele ya wale wabebaji wote, kwamba mimi ni binti yako wa kwanza.

"Tunakujua," akasema Mama Riziki. "Tulikujua siku ile."

Akatuelezea. Ulipozunguka nyuma ya nyumba asubuhi ile, uliwakusanya wote mahali mnapooshea bidoni, watu uliobeba nao maziwa miaka mingi, wengine wamenibeba mimi nikiwa mtoto, ukawaomba. Uliwaambia mtoto wako yuko na wageni, wasimwite jina, wasimsalimie kwa Kihunde. Mama Riziki alikuwa na kijana mwingine wa kutupeleka kwenye maporomoko, mtu mwenye nguvu kuliko wewe. Ulimwomba akuachie wewe hiyo kazi.

Wabebaji waliangalia chini. Mmoja, yule mrefu mwenye kofia ya sufu, ndiye aliyemalizia. Alisema tangu siku ile, kila ulipotua bidoni, ulikuwa unamuuliza Mama Riziki jambo lile lile, kama wageni wa Goma wamerudi. Akikuambia bado, ulikuwa unasema njia ni mbaya, watakuja tu.

Nilikaa chini pale pale kwenye majani mabichi. Kambale alikuja akakaa karibu nami. Hatukushikana, lakini alikaa.

Sikuandikii ili unisamehe, maana najua hukungoja niombe. Huo ndio mzigo wangu, na nimeanza kuubeba bila kukutafuta wewe uupokee upande wa pili. Wakubwa wa hospitali wameniuliza kwenye karatasi za likizo ya msiba, kazi ya marehemu ilikuwa gani. Nimeandika ilivyokuwa. Kambale ananisemesha sasa, kidogo kidogo. Tumekubaliana kwamba tutakuja kwa Mama kila mwisho wa mwezi, tukae siku mbili, hata kama njia ni mbaya.

Juzi tumefika kwa mara ya kwanza. Nimesimama kaburini kwako mchana, watu wakiwa wanapita na majembe yao, nikakuita Papa kwa sauti, wakageuka wote.

Wageni wamerudi, Papa.

Ni mimi, binti yako wa kwanza.