Majirani Wapya Wamemwombea Mume Wangu Marehemu, Naye Yu Hai

Mpendwa mshauri, Mama Petronila,

Shikamoo. Naomba msaada wako, na ukiona mwandiko unapanda na kushuka usidhani nimelewa, ni furaha na hofu zimenishika kwa pamoja, maana tunahama, Mama, tunatoka kota za hoteli huku juu ukingoni mwa kreta kwenda kwenye nyumba yetu wenyewe, na mimi niliyeihangaikia nyumba hiyo ndiye niliyeharibu.

Nianze na habari zangu. Mimi ni mzaliwa wa Singida, baba yangu alikuja Karatu kuchuma kahawa kwenye mashamba makubwa, nikaolewa na Wilibrodi, Mwiraqw wa Buger, ambaye ni mpishi hapa hotelini, na tangu tuoane tunaishi kota. Sisemi kota ni mbaya. Tuna maji ya bomba, tuna taa mpaka jenereta izimwe, na ukimwambia mtu wa huko chini kwamba una taa anakuona umeshakuwa mzungu. Lakini chumba ni kimoja na watoto wanakua, ukungu unaingia mpaka kwenye debe la unga, nyati wanalala karibu na bomba hata ukitaka maji ya asubuhi unachungulia kwanza dirishani, na kubwa kuliko yote huku hifadhini kulima hakuruhusiwi, na mimi nimekulia kwenye jembe, Mama, nikiona mchicha umeshuka kwenye lori umenyauka natamani kulia.

Basi tukasikia kijiji kinagawa viwanja nje kidogo ya Karatu, upande wa barabara ya Mbulu, mtaa mpya ambao watu wanauita Kwa Josephati kwa sababu balozi wa nyumba kumi wa pale, mzee Josephati, ndiye aliyetangulia kujenga. Ni viwanja ambavyo hata mtu wa mshahara wa jikoni anavimudu, na nyuma ya nyumba unabaki na sehemu ya mahindi na maharage. Ubaya wake ninaujua. Kisima kiko mbali, kiangazi ni vumbi tupu, taa ni kibatari na mafuta ya taa siku hizi ni ya kuwinda, na Wilibrodi itabidi alale kazini, awe anashuka na lori la wafanyakazi siku zake za mapumziko tu. Yeye mwenyewe alikataa kabisa, akasema hawezi kuacha bomba akanywe tope.

Kilichombadilisha ni mzee Boazi. Boazi amehudumia wageni mezani hapa mpaka mvi zikamjaa, akastaafu, wakamuaga kwa keki na hotuba, na siku ya pili yake tukamkuta ameketi juu ya kitanda chake nje kwenye ukungu, na mkewe pembeni ameshika karai, wanasubiri lori, kwa sababu chumba kilikuwa kimeshapewa mwingine. Wilibrodi aliwapelekea chai. Aliporudi hakugusa chakula, akaniambia, "Mama Tluway, nenda kakichukue kile kiwanja."

Mama, nilishuka siku hiyo hiyo. Nikapewa kiwanja karibu na Bibi Hyasinta, mjane mzee mwenye sauti ya upole, lakini nikaambiwa kisipoanzwa kujengwa kabla ya masika anapewa mtu mwingine. Wilibrodi hakuweza kupata ruhusa, maana tangu mpaka wa Kenya ufunguliwe hoteli imefurika wageni na jikoni hakuna mtu wa kumwachia. Nikapiga moyo konde. Nikapika pombe kwa dada yangu pale Karatu, nikaenda kwa balozi Josephati peke yangu, nikamwomba aniitie watu waje kuchimba msingi na kusimamisha kuta, kama nilivyomwona shangazi yangu akifanya kule kwetu Singida na hakuna aliyeshangaa.

Walikuja wengi kuliko nilivyotegemea, lakini walikuja kimya, wanaume wamevua kofia, na Bibi Hyasinta akanishika mikono yote miwili akasema, "Pole, mwanangu. Marehemu alikuwa mtu wa wapi?"

Nilichanganyikiwa, nikajibu, "Wa Buger."

Akaniuliza jina, nikalitaja. Wakasimama wote kwenye kiwanja changu wakamwombea Wilibrodi apumzike kwa amani, na mimi, Mama, nikaitikia amina.

Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba kwa watu wale sauti ya kuita watu kwenye ujenzi ni ya baba mwenye nyumba, na mwanamke akiita mwenyewe maana yake hana tena wa kumwitia. Pombe yangu hawakuigusa, wakasema kazi ya mjane hainywewi. Nilitaka kuwaambia, naapa nilitaka, lakini majembe yalikuwa yameshaanza kuingia ardhini, udongo unakandwa, wanawake wanaleta maji kutoka kile kisima cha mbali bila kuombwa, kiwanja changu kikaanza kuwa na umbo la nyumba, huku chumba, huku jiko, na mimi ambaye sijawahi kuwa na mlango wangu nikatazama pale mlango utakapokuwa, na mdomo ukawa mzito. Nilifurahi mno. Hilo ndilo linalonitesa, kwamba nilifurahi.

Tangu siku hiyo kila nikishuka napewa mbegu za maharage, nimepewa kuku wa kuanzia, na fundi mmoja mgane, Clemensi, ameniletea fremu ya mlango wala hataki ujira, na amesharudia mara nyingi kuupima mlango ambao ameshaupima. Kuta zimesimama. Limebaki paa.

Sasa Wilibrodi likizo yake inaanza mvua zikikatika. Amewaka kwa furaha, Mama. Amechora nyumba kwa mkaa ukutani juu ya jiko, ameonyesha mpaka pa kuweka redio, anawasimulia mpaka wageni wazungu, na amepanga siku ya kwanza ashuke amevaa koti lake jeupe la upishi na ile kofia ndefu, abebe masufuria, awapikie majirani kuwashukuru. Anasema, "Nataka wanione. Wajue nyumba hii ina mwenyewe."

Nifanyeje? Nikimwambia kwamba ameombewa kama maiti atanifukuza, maana kwao jambo hilo ni la nuksi. Nikiwaambia majirani watanitoa mtaani kabla sijaingia. Nimefikiria niombe kiwanja upande mwingine wa Karatu, au nimshawishi tubaki tu kota na taa zetu. Nisaidie, kila nikifumba macho naiona ile nyumba.

Ni mimi mwenye furaha na balaa,
Mama Tluway, Ngorongoro

MAMA PETRONILA ANAJIBU

Marahaba, Mama Tluway. Nimeisoma barua yako nikacheka mpaka miwani ikadondoka, kisha nikakasirika, kwa hiyo nisikilize nikiwa bado nimekasirika.

Kuita watu halikuwa kosa. Hukuijua desturi ya wenyeji, ulikuwa unakimbizana na masika, na mwanamke aliyekaa akingoja ruhusa ya hoteli angekikosa kiwanja. Kosa lako ni ile amina. Ulikuwa na nafasi ya kusema neno moja, ukaitazama nyumba ukalimeza. Ninakuelewa, maana nami nimewahi kupanga chumba na najua mtu anavyoutamani mlango wake. Lakini watu wale walikupa huruma yao, na huruma hiyo hukuistahili.

Hilo la kutafuta kiwanja upande mwingine sitaki kulisikia. Umeniandikia habari ya kisima, vumbi na kibatari kana kwamba ndiyo mambo makubwa. Kisima kina njia, mvua zikinyesha weka pipa chini ya paa. Kibatari nacho utakizoea. Majirani wanaoacha mashamba yao kumjengea mtu wasiyemjua, bila hata kikombe cha pombe, hao hawagawiwi na serikali ya kijiji. Umewapata, nawe unataka kuwakimbia kwa aibu. Na kota usinitajie tena. Mzee Boazi naye alikuwa na bomba na taa.

Kuhusu mume kulala kazini, ni kweli utamkosa, na kuna siku utalia. Afadhali umkose kwenye nyumba yenu kuliko mje kukaa wote wawili juu ya kitanda kwenye ukungu.

Sasa fanya hivi. Ukimaliza kusoma gazeti hili, mwambie Wilibrodi. Mwambie wewe, kabla hajaambiwa na dereva wa lori, maana Karatu ni ndogo na habari ya mjane ambaye mumewe anakaanga mayai hotelini haiwezi kukaa sana. Mwambie yote, pamoja na Clemensi na fremu yake. Atanuna, pengine atapiga kelele. Mwache apige. Akinyamaza mwonyeshe ule mchoro wa mkaa umuulize kama bado anaitaka nyumba.

Kisha shukeni wote wawili, na mwanzie kwa Bibi Hyasinta, kwa kuwa yeye ndiye aliyekupa pole wa kwanza. Wewe ndiwe utakayesema, si mumeo. Sema, "Bibi, nilinyamaza, naomba unisamehe." Usieleze sana. Kutoka hapo nendeni kwa balozi, naye atajua namna ya kuutuliza mtaa. Hao wazee wameshaona makubwa kuliko hayo.

Umeniambia limebaki paa, na hapo ndipo Mungu alipokuhurumia. Kama kuita watu ni kazi ya baba mwenye nyumba, basi kuezeka aite yeye. Apite mlango kwa mlango, kwa sauti yake mwenyewe, wewe ukiwa nyuma yake, na kwa Clemensi apite pia, amshukuru kwa fremu na amlipe ujira wake. Nakuhakikishia mlango huo hautapimwa tena. Wewe pika pombe ya kuta pamoja na ya paa, kwa sababu ile ya kwanza hawakuinywa na wanakudai.

Bado kuna deni kubwa zaidi. Mlijengewa kwa kazi ya mjane, na mjane wa kweli anaishi jirani yenu. Likizo ya Wilibrodi isiishie kwenye paa lake. Kabla hajapanda kuezeka nyumba yake, alilime shamba la Bibi Hyasinta mpaka limalizike, naye asinywe hata kikombe.

Hamia, Mama Tluway. Hamia ukiwa na furaha yako yote, ni halali yako ukishasema kweli. Panda mchicha wako, nami utanitumia salamu ukichuma wa kwanza. Na mapishi yake ni wazo zuri, awapikie watu siku ya kuezeka. Ila lile koti na ile kofia viacheni kota. Mtu aliyeombewa apumzike kwa amani haendi kujitambulisha kwa majirani akiwa amevaa nyeupe kutoka kichwani mpaka magotini. Avae suruali ya shamba, aingie mtaani mchana kweupe, na mkononi awe na jembe.