Mikono Kumi na Minne

Jumatatu, 3 Juni 1974

Mkate umekubali leo. Makaa kidogo ndani ya jiko la mbabula, mengi juu ya kifuniko, na sikufunua mpaka harufu ilipotoka yenyewe. Mwanangu Ngoie alichomoa kipande cha moto akaungua ulimi. Shauri yake. Ana miaka tisa, masikio anayo.

Baridi kali. Wifi Mujinga alipita kabla ya saa sita. Siku imepangwa: Jumapili tarehe 23 tunamaliza kilio cha baba mkwe. Mwaka umetimia. Wanawake wote wa familia watavua nyeusi na kuvaa kikwembe cha namna moja. Mujinga amekipata kwa mtu anayekwenda Zambia, maana huku tangu duka la Mgiriki lipewe mkubwa wa chama, rafu zimebaki na vumbi. Mimi ndiye nitashona.

Nilifurahi. Naandika ili nikumbuke kwamba nilifurahi.

Jumamosi, 8 Juni

Salongo asubuhi. Tumefagia barabara ya kambi ya wafanyakazi kwa lazima, na upepo ukarudisha takataka zote nyuma yetu.

Mchana Mujinga akaleta vitambaa. Bluu nzito, majani ya njano. Kizuri mno. Kila kipande kina karatasi ya jina, imeshikwa kwa pini. Mama mkwe. Mujinga na wadogo zake wawili. Mashangazi wawili. Mke wa Banza.

Saba. Nilisoma mara ya pili, nikainua kila kimoja, nikatazama hata chini ya meza. Jina langu halimo.

Banza ni mdogo wa mume wangu. Mke wake ameingia juzi tu, hata baba mkwe hakumjua vizuri. Mimi miaka kumi na mmoja. Baba mkwe alilala hapa miezi minne, kwenye chumba cha Ngoie, kwa sababu hospitali iko karibu na kambi. Nani alimwosha? Nani alimlisha uji kwa kijiko? Mashini hii ya kushona alininunulia yeye, siku Ngoie alipozaliwa. Mbele ya watu wote alisema, huyu ni binti yangu.

Kumbe alikuwa anasema peke yake. Kwa wengine mimi bado ni mgeni, mtu wa Kasai.

Jumapili, 9 Juni

Nimemwuliza Numbi kwa kuzunguka. Kwenu, kikwembe cha kumaliza kilio anagawa nani? Akasema, "Ile iko mambo ya banamuke," akarudi kwenye redio yake. Mume wangu anafanya kazi kwenye tanuru la shaba na hana moto hata kidogo.

Sitaomba. Kuomba kitambaa cha kumwaga machozi yangu mwenyewe? Hapana.

Jumanne, 11 Juni

Fwaye ya kambi, pale tunapofundishwa kushona na kupika. Leo ilikuwa vitambaa vya kuweka juu ya viti. Nimeanza kimoja kwa ajili ya kiti cha baba mkwe, uzi mweupe, ukingo wa maua. Wenzangu waliona bluu ndani ya mfuko wangu wakapiga kelele. Na yako utashona na shingo gani?

Nikasema, yangu nitashona mwisho.

Uongo wa kwanza. Ulitoka laini kabisa.

Alhamisi, 13 Juni

Nimekwenda mtaa wa Kenya, kwa wakwe, kuwapima. Walikusanyika wote kwa mama mkwe. Mujinga anatoa amri kama kapita wa machimbo: "Mikono ya murefu, mpaka huku. Baridi iko mingi." Anashika kifundo cha mkono wake ili nisikosee. Sawa, madamu.

Mama mkwe nilimkuta chumbani, amepiga magoti mbele ya sanduku lake. Aliponiona akalifunga haraka. Hata sanduku ananificha. Mimi niliyemfunga mume wake kidevu alipokata roho.

Amekonda. Mikono yake nimeizungusha kwa vidole viwili. Akanionyesha viwiko: baridi inaingilia hapa, Mama Ngoie, inalala humu. Halafu akanitazama, akatabasamu. Nilisubiri. Nilikaa na utepe shingoni nikasubiri aseme neno moja tu. Akaniuliza kama Ngoie ameacha kukohoa.

Ijumaa, 14 Juni

Leo nimefanya.

Nilianza na cha mke wa Banza. Nilichora mkono kwa chaki mpaka kwenye kifundo, kama walivyotaka. Mkasi ukakata kwenye kiwiko. Si mkasi. Mimi. Nilikata kwenye kiwiko, nikakunja kipande cha chini, nikakiweka ndani ya sufuria ya keki na kufunika.

Mikono miwili kwa kila buluzi. Mabuluzi saba. Vipande kumi na vinne vikiunganishwa vinatosha buluzi moja ya mwanamke mwembamba. Mimi ni mwembamba.

Nitavaa kama wao. Hawatanipa, nitavaa.

Jumapili, 16 Juni

Sikwenda misa. Nimesema kichwa.

Imebaki ya mama mkwe. Niliiacha mezani siku nzima ya jana. Nilitaka yake iwe ndefu. Lakini mabuluzi sita ya mikono mifupi na moja ya mirefu, si wataniuliza? Watajua kitambaa kilitosha. Basi nimekata na yake. Nilikata haraka, nikakata vibaya, mkono wa kushoto umepungua kidole kizima.

Keki ya majaribio imeungua chini. Ngoie alisema inanuka kama treni. Nilimpiga kofi. Hakustahili. Nimemkata kipande cha juu kisichoungua nikampa, akala bila kunitazama.

Jumatano, 19 Juni

Mujinga amekuja kuchukua mabuluzi. Akavaa yake, akanyoosha mikono mbele, akaitazama. Nini hii?

Nikasema kitambaa kilikuwa na upana mdogo. Watu wa mpakani wanapunja. Nilitaka kulinda shingo na mapindo, ikabidi mikono. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Nilikuwa na maneno ya miaka kumi na mmoja tayari kwenye ulimi.

Akamtukana yule mtu wa Zambia. Akasema pole, wifi, umehangaika. Akanibusu, akaenda na mzigo kichwani.

Aliniamini. Afadhali angenipiga.

Ijumaa, 21 Juni

Kutwa nzima Kenya. Mabinti wamepaka nyumba chokaa ndani na nje, chini wamezungushia mstari wa bluu. Nimetundika mapazia niliyoyashona mwezi uliopita. Nimeweka kitambaa cha maua juu ya kiti cha baba mkwe. Mama mkwe akakishika muda mrefu. Hakuna aliyekaa kiti kile.

Tumeoka keki tatu kwenye tanuru la fundi mkate wa jirani. Munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, umechachuka vizuri. Kila mtu anacheka. Mimi pia nimecheka, nimesikia sauti yangu ikicheka.

Buluzi yangu imekwisha. Imejaa mishono, lakini majani nimeyaoanisha, mtu wa mbali hatajua. Inanikaa kama ngozi. Ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kushona, na siwezi kuitazama.

Mpango: nitaivaa ndani, juu tiriko, sweta yangu nyeusi. Wakiitwa kuvua nyeusi, navua tiriko. Waseme watakalo.

Jumapili, 23 Juni

Niandike yote, nisijidanganye baadaye.

Tulifika mapema, kabla ya misa. Umande mweupe juu ya majani. Wale saba wamekwisha kuvua nyeusi, wamesimama uani na bluu zao, mikono wazi kutoka kiwikoni, ngozi imesimama vipele. Mashangazi wanajisugua. Mama mkwe yuko katikati, anatetemeka, na bado amenyooka. Nilitazama chini.

Mzee wa ukoo akaomba, akamwaga pombe kidogo. Nikaanza kufungua kifungo cha kwanza cha tiriko.

Mama mkwe akaita jina langu. Si Mama Ngoie. Jina langu la kwetu, Ngalula, kama baba mkwe alivyoniita. Njoo hapa mbele.

Mujinga akatoka ndani na lile sanduku. Mama mkwe akalifungua. Kikwembe cha bluu, majani ya njano, kipande kizima, bado kina karatasi ya kiwandani. Akakiinua juu ili watu waone. Sauti yake ni ndogo, watu wakasogea.

"Huyu njo alimuchunga bwana yangu mpaka mwisho. Kwetu muntu wa vile hapewe kikwembe na mabinti. Anapewa na mujane, mbele ya bantu, ya muzima, bila kukatwa. Atajifunga vile iko."

Wanawake wakapiga vigelegele. Mke wa Banza alipiga kuliko wote. Wote walijua. Kila mtu alidhani Numbi ameniambia, na Numbi alidhani ni mambo ya wanawake.

"Vula tiriko, mutoto wangu, nikufunge."

Sikuvua. Nilisema nina homa. Nilirudia, homa, mama, homa. Watu wakaona nalia wakasema ni kwa mapenzi. Akanifunga juu ya tiriko. Alizungusha kitambaa, akaja mbele, akakaza fundo begani. Viwiko vyake vilikuwa baridi, vilinigusa shingoni. Pale kifungo cha kwanza kilipokuwa wazi, kola ya bluu ilikuwa imechungulia.

Aliiona. Kidole chake kilisimama. Halafu akaikunja polepole, akairudisha ndani ya tiriko, akafunga kifungo. Akaendelea kuongea na watu.

Jua lilipopanda wengine walipata joto, mimi nikachemka. Nilikaa na tiriko mpaka jioni, jasho linatiririka mgongoni, nikigawa keki. Mujinga alikuwa ananiletea maji. Kunywa, wifi, homa si mchezo.

Jumatatu, 24 Juni

Sikumpikia mtu. Nilifumua. Vipande kumi na vinne, nimeviweka mezani kwa jozi na karatasi za majina. Nimeona aibu mbele ya meza.

Numbi alirudi kazini, akaangalia, akauliza nini. Nimemwambia. Akasema na yeye ana kosa, alipaswa kuniambia tangu mwezi wa tano. Nikamjibu, ni kweli, una kosa. Lakini mkasi haukuwa mkononi mwako. Alikula bukari ya jana, ugali baridi, bila kulalamika.

Alhamisi, 27 Juni

Nilimwomba mama mkwe buluzi yake jana, nikairudisha leo na mikono mpaka kwenye kifundo. Mshono kwenye kiwiko hauwezi kufichwa. Kushoto nimeongeza ukanda mwembamba pale nilipokata vibaya.

Nilipiga magoti nikasema yote. Orodha, chaki, sufuria ya keki. Alinisikiliza huku anavaa. Akapitisha kidole gumba juu ya mshono, kulia, kushoto.

"Sasa iko joto," akasema.

Basi. Nikabaki magotini kama mjinga nikisubiri mengine. Alipoona sinyanyuki akasema ningemwuliza tu. Kwamba yeye pia, alipoolewa, alikaa miaka na vitu moyoni kwa kuogopa kuuliza. Halafu akasema mabuluzi sita yaliyobaki nisimtume mtoto, niyafuate kwa miguu yangu mwenyewe.

Jumanne, 2 Julai

Mashangazi wamekubali. Mmoja alicheka mpaka akakohoa. Mke wa Banza alilia, sijui kwa nini, nikalia naye. Wadogo wa Mujinga walikasirika, wana haki, ila wamenipa mabuluzi.

Mujinga mwisho. Alinisikiliza amesimama mlangoni, hakunikaribisha ndani. Akasema, mimi nimemtukana mtu wa watu. Nimekuletea maji siku nzima. Akaniuliza: uliona sisi ni watu wa namna hiyo?

Nilisema ndiyo. Niliona hivyo.

Akaingia ndani. Nilidhani imekwisha. Akatoka na buluzi, akaitupa mikononi mwangu, akafunga mlango.

Ijumaa, 5 Julai

Nimempelekea Mujinga yake. Hakuwepo, au alikuwepo. Niliiacha kwa jirani.

Kikwembe changu kiko juu ya kiti, kimekunjwa. Ngoie anauliza nitakishona nini. Nimemwambia hiki hakikatwi.

Jumapili, 7 Julai

Misa ya pili. Baridi bado. Nilijifunga kikwembe kizima, nikakaa benchi la nyuma na Ngoie. Mama mkwe na wengine walikuwa mbele, bluu zao, mikono mirefu, mshono kwenye kila kiwiko. Watu walikuwa wanatazama.

Mujinga alichelewa. Alikuwa amevaa yake. Benchi la mbele lilikuwa na nafasi. Akapita kwangu, akamsogeza Ngoie kwa nyonga, akakaa. Hakunisalimia. Benchi ni fupi. Kiwiko chake kiliegemea mkono wangu, nikausikia ule mshono misa nzima. Hakukiondoa.